Shubiri Moja na Vidole Vitatu

Mama alitaka kujua ni mbali kiasi gani.
Nikachukua uzi mweusi wa cherahani yake,
nikaulaza juu ya atlasi ya skuli iliyokwisha jalada,
ncha moja Pemba, kinukta kama choo cha nzi,
ncha ya pili Oslo.
Shubiri moja na vidole vitatu.
"Basi hapo tu?" akasema,
akatoka uani kugeuza karafuu.

Nikapiga hesabu nyuma ya stakabadhi ya kituo:
kilomita elfu saba na mia saba, ukiunyoosha uzi.
Lakini ndege hazifuati uzi.
Ya kwanza, ya viti kumi na viwili, nusu saa mpaka Unguja.
Kungoja, saa tatu unusu.
Ya pili, saa sita, inakwenda Doha,
kama mtu wa Wete aendaye Chake kwa kupitia Micheweni.
Hapo saa tano kwenye viti vya chuma,
miguu ikivimba, viatu vikigoma.
Ya tatu, saa saba, usiku kucha na asubuhi.
Jumla, saa ishirini na mbili.

Tiketi imeandikwa 13:20.
"Kumi na tatu ya wapi? Saa zinaishia kumi na mbili."
Ni saa saba na dakika ishirini, Mama, adhuhuri.
Utafika kesho yake, saa tatu na dakika ishirini,
ila huku kwetu itakuwa saa tano na dakika ishirini.
Akanyamaza, akahesabu kwa pingili za vidole.
"Kwa hiyo nachuma saa mbili."
Ni mkopo, nikamwambia. Ukirudi watazikata.

Usiku ule Faki mlinzi alitufungulia kituo,
tukalipandisha begi juu ya mizani ya karafuu.
Miaka tisa naisoma mizani ile,
najua gunia bichi na gunia kavu kwa macho,
sikuwahi kupima safari.
Kilo ishirini na tano. Ruhusa ishirini na tatu.
Akapiga magoti, akafungua zipu,
akatoa koti la mtumba nililomtafutia wiki nzima.
Pilipili manga ya uji wa mzazi
haikuguswa.

Uji wa mzazi!
Salha alijifungua mwezi wa Rajabu.
Mama akafunga begi wiki ile ile, akalifungua,
akalifunga.
Barua ya benki haikutosha.
Dar kaenda mara mbili kutiwa alama za vidole,
vidole vya mchuma karafuu, vilivyosagika,
mashine haivioni, "Futa, mama, weka tena."
Arubaini ikapita. Ikapita ya pili.
Zilipita arubaini saba,
mtoto anasimama kwa kushika kochi,
ndipo viza ikatoka.
Hili sikuliandika kwenye stakabadhi.
Ningeliandika kwa kipimo gani?

Wawi, uwanjani, hakugeuka nyuma.
Alikuwa akibishana na kijana wa mlangoni
juu ya chupa ya maji.

Kesho yake saa tano na dakika ishirini
nilikuwa kazini, foleni mpaka barabarani.
Saa sita kasoro simu ikalia.
"Nimefika. Mtoto kanikimbia.
Kajificha nyuma ya mamake, ananichungulia kama mkopeshaji."
Akacheka, kisha hakucheka.
"Na dada yako anataka nirudishe mishale ya saa yangu.
Nimemkatalia.
Hii ni saa ya Wete.
Nikiitazama najua umekula au hujala."

Sijala, nikasema.
"Najua," akasema.

Mwenye gunia akagonga meza kwa ufunguo:
"Bwana, kilo ngapi?"
Mshale ulikwisha tulia zamani.
Sikuwa nimeutazama.